Sauti Iliyosema Twende

Mjumbe alipanda ngazi tatu za nyumba ya Mzee Chikambo, akafika mlangoni, akakunja miguu yake minane ya chuma akachuchumaa kwa adabu, kisha akabisha.

"Hodi, baba. Ni mimi, Somoe."

Ilikuwa saa tano na robo asubuhi, na mbingu upande wa bahari ilikuwa imeshageuka rangi ya sufuria iliyoungua. Juu mlimani, katika Chumba cha Mwito, watu kumi na wawili waliacha kazi zao wakaukodolea macho mlango ule kwenye kioo kikubwa cha ukutani. Mzee Chikambo, fundi viatu wa Mji wa Chini, alikuwa mashuhuri kwa ubishi. Ving'ora vya vimbunga vitatu vilikuwa vimemlilia, askari wakambembeleza, diwani akampigia magoti, naye kila mara alitoa jibu lile lile, kwamba nyumba ile aliijenga kwa mikono yake na hatatoka ndani yake labda abebwe.

"Hodi, baba," mjumbe alirudia. Ilikuwa sauti ya msichana mwenye mafua kidogo, msichana mwenye haraka zake. "Upepo unakuja. Toka, twende."

Mlango ukafunguka. Mzee alisimama kizingitini, kofia mkononi, midomo ikimcheza. Hakumtazama mjumbe, ambaye kimo chake kilikuwa cha magotini tu. Alitazama juu yake, mahali ambapo uso wa mtu mzima ungekuwa. Akarudi ndani, akatoka na jozi ya viatu vyekundu vya kike, akavikumbatia kifuani na kushuka ngazi bila hata kufunga mlango.

Ukutani, taa ya nyumba yake ikawa kijani. Chumba kizima kikapiga makofi.

"Hata Mzee Chikambo!" alisema Tabia, msimamizi wa zamu. "Dada Esha, leo umetuziba midomo sote."

Mhandisi Esha Likwena alitabasamu, akanywa chai yake iliyokwisha kupoa. Mwenye sauti ile, Somoe binti Chikambo, alikuwa amezikwa miezi kumi na minne iliyopita.

Kwa nini mtu ahangaike kuunda kitu kama kile? Mwenye kuuliza hivyo hakuwapo Lindi mwaka 2082, Kimbunga Lunda kilipopita. Mwaka ule serikali ilikuwa na setilaiti, ilikuwa na ving'ora, na kila simu ya Mji wa Chini ilipokea ujumbe wa tahadhari saa kumi na nane kabla. Watu mia tatu na kumi na mmoja walikufa wakiwa wameusoma. Simu zile zile zilikuwa zikipokea pia uvumi wa kila aina: kimbunga kimegeuka, makazi ya dharura yamejaa, wanaohama wanaibiwa nyumba zao. Basi watu walikaa wakasubiri kuona jirani atafanya nini, na jirani alikuwa anawasubiri wao.

Esha, kijana wa chuo wakati ule, alizunguka miezi saba akiwauliza walionusurika swali moja tu: nani alikutoa ndani? Aliwauliza watu mia sita. Hakuna aliyejibu king'ora. Walijibu mama, kaka, mke wa jirani, mwalimu wangu wa madrasa. Mtu hatolewi nyumbani kwake na habari, Esha aliandika, hutolewa na mtu.

Ndipo wakazaliwa wajumbe. Zamani kila nyumba kumi zilikuwa na mjumbe wake, mzee wa mtaa anayejua nani mgonjwa na nani mgeni, na jina lile ndilo walilopewa mashine. Walikuwa mia nne na thelathini, kila mmoja na nyumba zake kumi, wakiongozwa na akili unde moja kubwa iliyokaa chini ya Chumba cha Mwito. Kila mkazi mwenye miaka kumi na minane au zaidi alijaza fomu akimtaja mtu ambaye yeye hawezi kulikataa neno lake, na sauti ya mtu huyo ikawekwa katika Ghala la Sauti. Siku ya kimbunga simu zote zilifungwa ili uvumi ukose pa kupita, taa za njiani zikawashwa kuelekea kwenye makobe, na wajumbe wakaingia mitaani. Makobe ndiyo yaliyokuwa makazi ya dharura: majumba ya zege ya mviringo, nusu yake ardhini, yasiyo na pembe ambayo upepo ungeweza kuishika. Mtu akiingia alitaja jina lake mlangoni, na mlango ukaliandika.

Mambo matatu katika mjumbe yalikuwa fahari ya Esha. La kwanza, alibisha hodi mara tatu tu. Asipojibiwa, aliondoka kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, na nyumba ikaandikwa kuwa haina mtu, taa ya buluu. La pili, hakuchungulia. Jumuiya ya akina mama ilikuwa imekataa katakata jicho la mashine linaloona kupita ukuta, na Esha aliwaunga mkono mbele ya wakubwa wake mpaka jasho likamtoka. La tatu, mjumbe hakusema nenda. Alisema twende. Katika majaribio, neno hilo peke yake liliwatoa watu mara mbili zaidi.

Kisha likaja suala la marehemu. Watu wengi walipojaza fomu walimtaja mtu aliye hai ambaye baadaye alifariki. Je, sauti yake ifutwe? Kamati ilibishana wiki mbili. Esha aliwaita watu themanini wa kujitolea, akawaeleza jaribio ni la namna gani, akawaita kwa sauti za wazazi wao waliokufa. Walilia, lakini wote themanini walitoka. Basi akaandika kwa mkono wake kanuni ya kumi na mbili, kwamba sauti itabaki ghalani hata mwenyewe akiondoka duniani. Miezi kumi baadaye baba yake mzazi, Mzee Likwena, alifariki kwa ugonjwa wa figo, na Esha hakuwahi hata mara moja kwenda ghalani kumsikiliza. Ilimtosha kujua kwamba yumo.

Saa saba na robo Kimbunga Zawena kilikuwa kilomita thelathini kutoka pwani. Kingegonga saa nane. Ukuta wa taa ulikuwa kijani karibu wote, na hapa na pale buluu. Dakta Mchopa, mkuu wa idara, mtu mpole aliyependa kutembea akiwa amefunga mikono nyuma, alipita akimpongeza kila mtu kwa jina.

Esha alijipa ruhusa ya kuitafuta taa moja. Mtaa wa Kisimani, mjumbe wa ishirini na tisa, nyumba ya saba. Hapo aliishi mama yake, Bi Mwanaidi, peke yake siku ile, kwa sababu shangazi aliyekuwa akikaa naye katika eda alikuwa amesafiri kwenda Nachingwea kwenye msiba mwingine. Jana Esha alikuwa amepita kumwona. Alimkuta katika nguo zake nyeupe, tasbihi mkononi, miezi mitatu na siku kadhaa tangu amzike mumewe.

"Kesho mjumbe atakuja kukuita, mama," alimwambia. "Akija, mfuate. Eda haimzuii mtu kuokoa roho yake."

"Hilo nalijua, mwanangu. Nitatoka," mama alijibu.

Taa ilikuwa buluu. Esha alishusha pumzi. Mama ametoka mapema, alijiambia, hakusubiri hata kuitwa. Akaandika jina lake kwenye daftari la Kobe la Sita, lililo karibu na Kisimani, apate kuliona tu na moyo utulie.

Halikuwemo. Akajaribu la Tano, la Saba, akayapitia makobe yote kumi na manane. Mwanaidi Likwena hakuwa amepita mlango wowote.

"Tabia," aliita. "Niwekee mwito wa Kisimani, ishirini na tisa, nyumba ya saba."

Rekodi ikaanza. Miguu ya chuma juu ya kokoto. Kisha sauti ya baba yake ikajaa kwenye spika, nzito, yenye kicheko kilichojificha, kama alivyokuwa akifika nyumbani kutoka sokoni.

"Hodi, Mama Esha. Upepo unakuja. Toka, twende."

Tabia aliinamisha uso. Esha alishika ukingo wa meza. Sauti ile ilirudia mara ya pili, ikarudia mara ya tatu, na hakuna aliyeitika. Lakini katikati ya mara ya pili na ya tatu kulikuwa na kitu. Esha akaomba sauti ipandishwe. Ilikuwa sauti ya mwanamke, chini kabisa, akisoma Ayatul Kursiyu bila kupumua.

Ndipo alipoelewa. Bibi yake, mama yake Bi Mwanaidi, aliwafundisha jambo lile kabla hata hawajajua kusoma: mtu aliyekufa akikuita kwa jina lako, usiitike. Aite mara moja, aite mara mia, funga mdomo wako usome ulichojaliwa. Hajaja kukutembelea, amekuja kukuchukua. Atakwambia twende, na ukiitika umekwenda.

Kila mtoto wa Mji wa Chini alilijua hilo. Esha mwenyewe alilijua. Alikuwa ameliweka mahali pamoja na majini ya chooni na mengine ya utotoni, na hakulikumbuka hata siku alipochagua lile neno. Wale watu wake themanini walitoka kwa sababu walikwisha kuambiwa kuwa ni mashine. Mama yake hakuambiwa. Jana tu alikaa naye saa nzima, akala mihogo yake, na hakumwambia ni sauti ya nani itakayokuja kugonga.

Aliiagiza akili unde imtenganishie nyumba zilizoitwa kwa sauti za marehemu. Zilikuwa hamsini na mbili. Kumi na nne zilikuwa kijani. Thelathini na nane zilikuwa buluu.

"Hazina watu," Dakta Mchopa alisema alipoletewa orodha.

"Zina watu, Dakta. Wamejifungia, wamejiziba midomo yao. Tumewapelekea maiti mlangoni."

"Esha!"

"Tumewapelekea maiti ikasema twende! Wewe kwenu Newala ungefungua?"

Dakta Mchopa aliivuta orodha karibu, akaisoma upya. Ilikuwa dhahiri kwamba yeye pia alikuwa na bibi.

"Upepo uko kilomita hamsini na tano kwa saa," alisema polepole. "Ukifika sabini wajumbe lazima warudi bandani, la sivyo tutawaokota baharini. Na hao watu tukiwatoa sasa, wa mbali watakutwa njiani. Ndani kuna ukuta, Esha. Njiani hakuna kitu."

Hakuwa mtu mbaya, na alichosema kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomchoma Esha zaidi. Wakakubaliana haraka: nyumba zilizo ndani ya dakika tano kutoka kwenye kobe zibishwe upya, na safari hii wajumbe wapige hodi kwa sauti za majirani walio hai, walioko tayari ndani ya makobe, wakizungumza wenyewe, papo hapo. Tabia alikwisha kuyaita makobe kabla sentensi haijaisha. Punde chumba kikajaa sauti za watu wakihema karibu mno na kinasa. "Mama Fikiri, mimi Sharifa wa dukani, toka jamani, niko kwenye kobe, hata ndala zangu nimesahau!" Taa moja ikageuka kijani. Ikafuata nyingine.

Nyumba ya Kisimani ilikuwa dakika kumi na moja kutoka Kobe la Sita. Haikuwamo katika hesabu.

"Nipe mwito mmoja tu," Esha alisema. Dakta Mchopa aligeuza uso, akaruhusu kwa kutokukataza.

Mjumbe wa ishirini na tisa akarudi mlangoni.

"Hodi, mama," Esha alisema kwenye kinasa. "Ni mimi, Esha. Mimi mwenyewe, niko kazini. Aliyekuja mwanzo ilikuwa mashine, mama. Nifungulie, twen—" Akalimeza neno. "Toka uende kwenye kobe. Tafadhali."

Kisomo ndani kikakatika. Mama yake aliposema alikuwa karibu na mlango, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemkemea mbwa.

"Ondoka. Umeweza kuja na sauti ya mume wangu, ya mwanangu itakushinda nini?"

Esha alivua kinasa, akakiweka mezani taratibu. Mambo yote aliyoyasoma na miaka tisa ya kazi yake yalikuwa yamejibiwa na mwanamke mmoja nyuma ya mlango, na jibu lake halikuwa na kasoro.

Akachukua ufunguo wa gari la doria.

Barabara ya kushuka ilikuwa tupu. Taa za njiani ziliwaka mchana ule zikionyesha njia kwa watu ambao walishapita, na mvua ilikuja ya kulala, ikipiga kioo kwa ubavu. Mara mbili gari lilisogezwa kama mtu aliyesukumwa bega. Kwenye kona ya Kisimani bati la nyumba ya mtu lilipita mbele yake likizunguka. Esha aliliacha gari ukutani kwa jirani, akakimbia hatua thelathini za mwisho ameinama.

"Mama! Fungua!"

"Nilikwambia uondoke!"

"Mama, nakuomba."

"Mwanangu yuko kazini. Mwanangu hana wazimu wa kutembea kwenye upepo huu."

Esha alitaka kucheka na alitaka kulia. Amwambie nini? Jina la utani la utotoni? Wimbo aliokuwa akimwimbia? Kila neno ambalo mtu angeweza kulisema, mashine yake ingeweza kulisema vilevile, tena kwa sauti iliyo safi kuliko hii yake iliyokaukiwa. Hakubakiwa na neno. Akazunguka upande wa dirisha la sebule, akasukuma ubao uliolegea, akapenyeza mkono wake kati ya nondo mpaka kwenye kiwiko.

"Shika," alisema.

Mvua ilimchapa mgongoni. Kisha vidole vikamgusa, vikajivuta.

"Wa baridi," mama yake alisema kwa hofu. "Mkono wa baridi."

"Nimelowa, mama. Shika tena."

Vidole vilirudi. Vilipita juu ya kiganja, vikalikuta kovu la utotoni, alipoungua kwa mafuta ya maandazi, lakini havikusimama hapo. Vilipanda mpaka kwenye kifundo, vikabonyeza mahali alipokuwa akibonyeza watoto wake wote walipokuwa na homa, akihesabu kwa midomo. Mshipa ulikuwa unakimbia kama mwizi.

"Ya Rabi," alisema Bi Mwanaidi. "Ni wewe."

Mlango ulifunguka na kwenda kujipigiza ukutani. Hapakuwa tena na njia ya kurudi garini. Waliburuta godoro mpaka bafuni, chumba pekee cha matofali ya saruji kisicho na dirisha, wakajifunika nalo pembeni mwa ndoo za maji, mama amevaa nguo zake nyeupe za eda na mwana amevaa koti la idara. Saa nane na dakika tano paa la sebule lilivutwa likatoka lote kwa mkupuo mmoja, misumari ikilia. Bi Mwanaidi alisoma, Esha akaitikia amina, na kila mmoja alimshika mwenzake mkono asimwachie.

Upepo ulipopungua kidogo mama aliuliza, "Ile ilikuwa kazi yako?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa yeye kabisa. Alivyokuwa akiniita akitoka sokoni. Nilijiziba mdomo kwa mikono yote miwili."

"Uliogopa sana."

"Sikuogopa," mama alisema. "Nilitaka kuitika."

Asubuhi redio zote zilikuwa na furaha. Kimbunga kikubwa kuliko Lunda kimepita Lindi, na waliokufa ni saba. Saba tu, walisema. Wageni kutoka Beira na Toamasina walikuwa wanauliza bei ya wajumbe. Sita kati ya wale saba walikuwa ndani ya nyumba tano za buluu ambazo sauti za majirani hazikuwahi kuzifikia. Esha alikwenda kwenye kila moja ya nyumba hizo akasimama mbele ya vifusi, akijilazimisha kusoma jina la mwenye nyumba.

Wa saba hakuonekana mara moja, kwa sababu taa yake ilikuwa kijani. Tabia ndiye aliyegundua, alipokuwa akilinganisha daftari za makobe na ukuta wa taa. Alimletea Esha karatasi. Nyumba ya Mzee Chikambo. Mjumbe aliandika hivi: ameitika, ametoka, ametii. Lakini hakuna kobe lililokuwa na jina lake.

Mjumbe hakumsindikiza. Mlango ukishafunguka, kazi yake ilikuwa imekwisha, na nyumba tisa zilimsubiri. Taa za njiani zingemwongoza mzee kwenye kobe, ndivyo ilivyopangwa. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuambiwa twende na mwanawe, akatoka, na akajua mwenyewe ni wapi.

Walimkuta makaburini, nyuma ya safu ya mivinje, mvinje mmoja ukiwa umemwangukia. Alikuwa amelala ubavu kandokando ya kaburi la binti yake. Vile viatu vyekundu, alivyomshonea Somoe na ambavyo Somoe hakuwahi kuvivaa, vilikuwa juu ya kaburi, vimepangwa sawasawa, vimezungushiwa mawe visipeperuke.

Esha alikaa chini kwenye matope, akalia kwa sauti mpaka Tabia akamfunika kanga. Alikumbuka makofi. Hata yeye mwenyewe alikuwa ametabasamu, akanywa chai.

Tume iliundwa, maswali yakaulizwa. Dakta Mchopa alijitahidi kuubeba mzigo, Esha akakataa, akasema kanuni ya kumi na mbili imeandikwa kwa mwandiko wake. Hawakumfukuza, walimpa kazi ngumu zaidi, ya kuifuta. Sauti zote za marehemu zilipaswa kuondolewa ghalani, na familia iliyotaka iliruhusiwa kuja kusikiliza mara moja ya mwisho. Na katika kila nyumba kumi alichaguliwa tena mtu wa nyama na damu, wa kutangulia mbele ya mashine na kupitisha mkono wake dirishani.

Esha alidhani watakuja wachache. Walipanga foleni mpaka barabarani. Walikuja hata wale waliojifungia siku ile, wakasikiliza wakiwa wamefumba macho, wakashukuru, wakaondoka. Sauti ya Somoe haikuwa na mtu wa kuja kuisikiliza. Esha aliisikiliza mwenyewe, yale mafua kidogo, ile haraka, kisha akaifuta.

Siku ya mwisho alikuja Bi Mwanaidi. Eda ilikuwa imekwisha. Alikuwa amevaa kanga mpya na kujipaka wanja kidogo, na alikaa kwenye kiti cha Chumba cha Mwito amenyoosha mgongo kama mgeni wa heshima.

"Una hakika, mama?"

"Mweke."

Esha akabonyeza. Ile sauti nzito yenye kicheko ikajaa chumba.

"Hodi, Mama Esha. Upepo unakuja. Toka, twende."

Bi Mwanaidi alikunja mikono mapajani. Midomo yake ilibaki imefungwa. Sauti ikabisha mara ya pili, naye akatazama chini. Ilipobisha mara ya tatu aliinua uso, na Esha akaona anachotaka kufanya, na ujinga wote wa utotoni ukamrudia kwa mara moja.

"Mama, usi—"

"Abee, Baba Esha," alisema Bi Mwanaidi, kwa sauti ya mke aliyeko jikoni. "Nimekusikia. Tangulia tu. Mimi nitakuja, lakini si leo."

Alikaa kidogo, kama anayesubiri mtu afike mwisho wa uchochoro. Kisha akauchukua mkono wa mwanawe, akaubonyeza kwenye kifundo kwa mazoea, na kuuweka juu ya kitufe cha kufuta.